Mazoezi, dawa, jeni au mashine: mhusika wako apate nguvu wapi?

Mnaandika hadithi pamoja kwa zamu, kila mmoja na mhusika wake, na mwenzako ameandika zamu yake: mita 400 kutoka aliposimama mhusika wako, gari limeacha barabara na kumbana mtu chini yake. Mtu bado anapumua. Sasa ni zamu yako, na mhusika wako ana nguvu kupita binadamu wa kawaida.

Unaweza kuandika kwamba alifika kufumba na kufumbua, akalinyanyua gari kwa mkono mmoja, mtu akatoka. Hakuna atakayekukatalia. Ila mwenzako aliyelijenga tukio lile amebaki hana pa kushika, maana umelimaliza peke yako. Nimeshiriki maigizo ya maandishi ya pamoja kwa miaka kadhaa na nimeona mengi yakifa hivyo, bila ugomvi wowote: wachezaji wanaacha kujibu, mmoja baada ya mwingine. Mhusika asiye na upungufu ameshika mpini, wengine wote wameshika makali, na hakuna anayependa kucheza akiwa ameshika makali. Ndiyo sababu naichukulia sayansi ya mwili wa mhusika kwa uzito. Kila nguvu yenye maelezo huja na gharama yake, na gharama hiyo ndiyo unayomkabidhi mwenzako ili naye apate cha kuandika.

Njia za kumpa mhusika nguvu zina majina mengi, lakini nikizichuja nabaki na nne: mazoezi ya kufika ukingoni, dawa, mabadiliko ya jeni, na mashine. Nitazipitisha zote kwenye tukio hilihili la gari.

Kwanza gari lenyewe. Gari dogo lina uzito wa kilo 1,400 hivi. Kuliinua upande mmoja mpaka magurudumu yaachane na ardhi kunataka nguvu ya kubeba karibu kilo 700. Kumpunguzia mtu mgandamizo tu, ili avutwe nje, kunataka pungufu ya hapo, kwa kuwa springi za gari zenyewe zinasukuma bodi kwenda juu. Tofauti hiyo ikae kichwani, kwa sababu njia mbili za kwanza zinaishi ndani yake.

Mazoezi

Huyu ni binadamu aliyefika mwisho wa uwezo wa binadamu, na mwisho huo una namba. Wayde van Niekerk alikimbia mita 400 kwa sekunde 43.03 mjini Rio de Janeiro mwaka 2016. Mwaka huohuo Eddie Hall aliinua kilo 500 kutoka sakafuni, mtu wa kwanza kufanya hivyo, kisha akaanguka huku akitokwa damu puani. Usain Bolt alipoweka rekodi ya sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, kasi yake ya juu kabisa ilizidi kidogo kilomita 44 kwa saa, na aliishikilia kwa sekunde chache tu. Eliud Kipchoge, alipomaliza mbio za kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka 2019, alikuwa anakwenda kwa kilomita 21 kwa saa, yaani nusu ya kasi ya Bolt, lakini kwa karibu saa mbili mfululizo.

Hawa ni watu wanne tofauti, na hawawezi kukaa katika mwili mmoja. Misuli inayofyatuka haraka huchoka haraka. Mwili unaobeba nusu tani una uzito ambao hakuna magoti yanayoweza kuukimbiza umbali mrefu. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwa wahusika wa aina hii ni kumpa mtu mmoja rekodi zote, kisha kusema "amefanya mazoezi sana tangu utotoni". Mchague mmoja: mkimbiaji, mnyanyuaji, au mvumilivu.

Kwenye tukio la gari, mkimbiaji wako akiwa amevaa viatu vya kawaida barabarani atafika karibu dakika moja baadaye, miguu inawaka moto, pumzi hana. Hapo hapo anatakiwa kuinua. Atamudu kupunguza mgandamizo, hatamudu kuliweka gari pembeni. Mwenzako anapata la kufanya: amvute majeruhi, atafute jeki, apige kelele watu waje. Kwa igizo la watu wengi wenye wahusika wa kawaida, hii ndiyo njia isiyoleta mabishano hata kidogo. Pia ndiyo isiyosisimua sana, na sioni haja ya kuipamba.

Dawa

Dawa ziko za namna mbili, na waandishi wengi huzichanganya. Kuna zinazojenga mwili na kuna zinazouamsha.

Za kujenga zinataka wiki, hazitaki dakika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwapa wanaume miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10. Waliopewa homoni bila kufanya mazoezi waliongeza kilo 3.2 za mwili usio mafuta. Waliopewa huku wakinyanyua vyuma waliongeza kilo 6.1. Waliofanya mazoezi tu, bila homoni, waliambulia kilo 1.9. Ni tofauti kubwa sana kwa mwanamichezo, lakini bado ni binadamu. Na misuli hukua haraka kuliko kano zinazoishikilia kwenye mifupa, kwa hiyo jeraha la kwanza la mhusika huyu linajulikana hata kabla hujaanza kuandika: kano itakatika.

Za kuamsha ndizo zinazofaa ile chupa ndogo inayonywewa katikati ya pambano. Amfetamini na jamaa zake haziongezi misuli hata gramu moja. Zinachofanya ni kuzima kengele. Mwili wako una akiba ambayo ubongo hauruhusu uiguse, na uchovu ni mlinzi wa akiba hiyo. Mwondoe mlinzi, utakwenda mbali zaidi, ila hutajua umefika ukingoni. Mwendesha baiskeli Tom Simpson alifia kwenye mlima Mont Ventoux nchini Ufaransa, tarehe 13 Julai 1967, wakati wa mashindano ya Tour de France, siku ya joto kali, akiwa ametumia amfetamini. Alianguka, akapandishwa tena kwenye baiskeli, akaendelea kukanyaga mpaka akazimika. Ukitaka kumwandika mhusika wa dawa, hicho ndicho kiini chake: anaendelea kukanyaga.

Tukio la gari linageuka. Mhusika anafika haraka kidogo kuliko mwenzake wa mazoezi, anainua kuliko anavyopaswa, kitu ndani ya mgongo wake kinachanika naye hasikii. Mtu anaokolewa. Dakika arobaini baadaye mwenzako ndiye anayeamua ni nini kilichochanika. Napenda sana njia hii kwa hadithi fupi za watu wawili watatu, kwa sababu inaleta saa ukutani: dawa inaanza, inapanda, inaisha, na kila mtu mezani anaijua ratiba. Kwa hadithi ndefu inachosha. Huwezi kumwangusha mtu yuleyule baada ya kila pambano kwa miezi sita.

Jeni

Hapa pana utajiri ambao wengi wanaupita bila kuuona, kwa sababu hukimbilia kubuni jeni ambazo hazipo wakati zilizopo zinatosha.

Anza na miostatini, protini inayouambia msuli uache kukua. Mwaka 1997 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba panya wasio na jeni yake hupata misuli mara mbili hadi tatu ya kawaida. Ng'ombe wa aina ya Belgian Blue wana hitilafu ya jeni hiyohiyo, ndiyo maana wanaonekana kama wamechongwa, na ndama wao ni wakubwa kiasi kwamba mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Mwaka 2004 iliripotiwa habari ya mtoto wa Ujerumani aliyezaliwa na mabadiliko hayo katika nakala zote mbili za jeni. Kabla hajatimiza miaka mitano aliweza kushika vyuma vya kilo tatu kwa mikono iliyonyooshwa. Kwa mbwa wa mbio wa aina ya whippet, mwenye nakala moja iliyobadilika ni miongoni mwa wenye kasi zaidi, mwenye nakala mbili anakuwa pande la misuli lisilofaa kwa mbio. Nakala moja ni baraka, mbili ni mzigo. Mwandishi gani angebuni jambo zuri kuliko hilo? Na panya wale wasio na miostatini waligundulika kuwa na kano ndogo, ngumu, zinazovunjika upesi.

Kisha damu. Eero Mäntyranta, mtelezaji wa theluji wa Finland aliyechukua dhahabu mbili za mbio zake binafsi katika Olimpiki ya mwaka 1964, alizaliwa na jeni iliyoufanya mwili wake utengeneze chembe nyekundu nyingi kupita kawaida. Alibeba oksijeni kuliko wapinzani wake bila kumeza chochote. Gharama ni damu nzito. Mifupa nayo: kuna familia yenye mabadiliko ya jeni ya LRP5 ambayo mifupa yao ni mizito na migumu kuvunjika, na taya zao ni pana. Mhusika wa namna hiyo anaweza kugongwa akainuka, lakini mtupe mtoni uone. Mifupa mizito haielei. Wabajau wa Asia ya Kusini-Mashariki, wazamiaji wa vizazi na vizazi, wana bandama kubwa kwa asilimia 50 hivi kuliko majirani zao wasiozamia, na bandama hiyo huachilia damu yenye oksijeni mwili unapokuwa chini ya maji. Utafiti huo ulitoka mwaka 2018.

Kuna jeni moja ambayo kila mwandishi anaitamani: ile ya kutosikia maumivu, SCN9A. Iligunduliwa mwaka 2006 katika familia za Pakistan. Mtoto aliyewafikisha watafiti huko alikuwa anafanya maonyesho mtaani, anachoma visu mikononi, anatembea juu ya makaa. Hakufika miaka kumi na minne. Aliruka kutoka juu ya paa akafa. Wengine katika familia hizo walikuwa wamejing'ata ulimi na midomo wangali wadogo. Sijawahi kulisoma jambo hilo bila kunyamaza kidogo. Ukimpa mhusika wako zawadi hiyo, mpe na kilicho ndani yake: kila usiku lazima akague mwili wake mbele ya kioo, au mtu mwingine amkague. Na huyo mtu mwingine ni mhusika wa mwenzako.

Swali linalobaki ni lini jeni zilibadilishwa. Kwa aliyezaliwa nazo hakuna shida. Kwa aliyedungwa sindano jana na kuamka leo na mwili mpya, sayansi inagoma kabisa. Tiba ya kwanza ya CRISPR (mbinu ya kuhariri jeni) kuidhinishwa, ya selimundu, ilipata kibali Uingereza mwaka 2023. Mgonjwa hutolewa chembe, zinahaririwa maabara, yeye mwenyewe anapewa dawa kali za kuua uboho wake wa zamani, ndipo zinarudishwa. Ni kazi ya miezi, na inagusa damu tu. Mtu mzima ambaye mifupa yake imeshafunga kukua hatarefuka kwa sababu jeni zake zimebadilishwa. Kama hadithi yako inataka badiliko la ukubwani, liandike kama ugonjwa mrefu wenye matokeo mazuri. Litakupa sura nzima ya maigizo ambayo sindano ya usiku mmoja isingekupa.

Kwenye tukio la gari: mwenye misuli isiyo na miostatini anaweza kabisa kupita kilo 500, labda akafika hizo 700 ikiwa umempa pia mifupa ya LRP5, na hapo tayari umetumia ruhusa yako yote ya kubuni. Hafiki mbio, kwa sababu ni mzito. Baada ya kuinua ana njaa ya kweli, njaa inayomtetemesha.

Mashine

Niliwahi kuwa na mhusika mwenye mkono wa chuma. Nilimwandika akining'inia ukingoni mwa jengo, mkono huo umeshika bomba, mkono mwingine umembeba mtu. Mchezaji mwenzangu aliuliza swali moja: mkono wa chuma umeshikiliwa na nini begani? Nilikaa kimya siku mbili. Jibu ni kwamba umeshikiliwa na nyama, kano na mfupa mwembamba wa mtulinga, vitu vilevile alivyozaliwa navyo.

Hilo ndilo la kwanza kuhusu mashine: nguvu lazima ipite mahali mpaka ifike ardhini. Mkono unaoweza kubeba kilo 700 unausukuma uti wa mgongo kwa uzito huohuo. Ama mkono unafungwa uwezo wake kulingana na kiungo dhaifu kuliko vyote, ama unaongeza chuma begani, mgongoni, nyongani, miguuni, mpaka mhusika anakuwa amevaa kiunzi kizima. Kiunzi cha kuvaa ni jibu bora kifizikia, kwa sababu uzito wa gari unashuka kupitia chuma hadi barabarani bila kumgusa mvaaji. Lakini kinavaliwa na kuvuliwa, na mhusika anapokuwa amelala ni mtu wa kawaida. Kwangu hiyo ni sifa.

La pili ni nishati. Betri nzuri ya lithiamu inabeba kama watisaa (kipimo cha nishati) 250 kwa kila kilo. Mafuta ya mwilini yanabeba karibu 10,000 kwa kilo. Hata ukikumbuka kwamba misuli inapoteza kama robo tatu ya nishati kuwa joto, bado mwili unashinda betri mara kumi. Mota inampiga msuli kwa nguvu ya ghafla na inapoteza kidogo. Kwa kazi ya siku nzima msuli unaiacha mota mbali. Kwa hiyo mhusika wa mashine ni mkali kwa dakika, dhaifu kwa siku, kinyume kabisa na vile anavyoandikwa na wengi.

La tatu ni mpaka kati ya chuma na mwili. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikamana na titani, na leo kuna miguu bandia inayoshikizwa moja kwa moja kwenye mfupa wa paja. Pale chuma kinapotokea kwenye ngozi hapafungi kabisa. Bakteria wanajua njia hiyo. Halafu kuna mawimbi. Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alisema mwaka 2013 kwamba madaktari wake walizima mawasiliano ya redio ya kifaa cha moyo wake kwa kuhofia mtu angekidhuru kwa mbali. Mwenzako mwenye mhusika fundi wa kompyuta akisoma hilo atatabasamu.

Kwenye tukio la gari, mwenye kiunzi hawahi kuliko mkimbiaji, lakini akifika analiinua gari bila kutetemeka na analishikilia kadiri betri inavyoruhusu. Kati ya njia zote nne, huyu peke yake ndiye anayeweza kuwaachia wengine muda wa kufanya kazi chini ya gari.

Yale yasiyokwepeka kwa njia yoyote

Joto kwanza, maana hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Kukimbia kunagharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita (nazungumzia kalori za vyakula). Mtu wa kilo 70 anayekimbia kilomita 60 kwa saa atateketeza 4,200 kwa saa hata kabla ya kuhesabu hewa inayomrudisha nyuma. Robo tatu ya hizo ni joto: zaidi ya 3,100. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini huondoa kama 580, hivyo anahitaji kutoa jasho lita tano na nusu kila saa. Binadamu mwenye jasho jingi hufika lita mbili hadi tatu. Asipopoa kabisa, mwili wake unapanda nyuzijoto moja kwa kila dakika moja na nukta chache. Kutoka 37 hadi 41 ni kama dakika nne na nusu. Mpe mhusika wako kasi unayoitaka, halafu mpe dakika nne. Utashangaa jinsi mapambano yanavyochangamka.

Kumdaka anayeanguka ni jingine. Mtu akidondoka mita 20 anafika chini na kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde. Ukimdaka na mikono yako ikarudi chini nusu mita, unamsimamisha kwa mara 40 ya uzito wake. John Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alivumilia zaidi ya mara 46 mwaka 1954 kwenye kigari cha roketi, lakini alikuwa amefungwa mikanda mwili mzima. Mikono miwili chini ya mgongo na magoti si mikanda. Nguvu za mdakaji hazimsaidii anayedakwa. Kinachomsaidia ni umbali wa kumpunguzia kasi. Mhusika mwenye akili ataruka akutane naye juu na kushuka naye, au atamwelekeza kwenye turubai.

Kukwepa risasi nikupitishe haraka. Risasi ya bastola ikienda mita 350 kwa sekunde inavuka mita 20 kwa takriban sekunde 0.06. Binadamu huchukua kama sekunde 0.2 kuanza kuitikia alichokiona. Hata neva ziwe nyaya, kuusogeza mwili sentimita 30 kwa muda huo wa risasi kunataka mara 19 ya mvuto wa dunia, ubongo ukitikiswa ndani ya fuvu. Anachoweza kukwepa ni mkono wa mpigaji kabla haujafyatua.

Na ukubwa: Galileo alieleza mwaka 1638 kwamba mnyama akikuzwa mara mbili kila upande uzito wake unakuwa mara nane, wakati eneo la mkato wa mifupa inayombeba linakuwa mara nne tu. Robert Wadlow, mwenye urefu wa mita 2.72, alihitaji vyuma vya kushikilia miguu, na alikufa mwaka 1940 akiwa na miaka 22 kwa maambukizi yaliyoanzia kwenye lengelenge lililosababishwa na vyuma hivyo. Miguuni alikuwa hasikii vizuri. Jitu la mita nne halina haja ya adui.

Kupona

Hapa njia hizi zinaachana sana kuliko kwenye nguvu, na wengi huchagua bila kufikiria hili. Mhusika wa mazoezi akivunjika anapona kwa wiki kadhaa kama mimi na wewe. Wa dawa haponi haraka, anasahau tu kwamba ameumia. Wa mashine anapata kipuri kipya leo leo, ila nyama iliyochanika kandokando ya chuma inafuata kalenda yake ya zamani.

Wa jeni ndiye pekee anayeweza kudai kupona kwa ajabu na akasikilizwa. Kuna salamanda wa majini wa Mexico, mwenye umbo kama la mjusi, aitwaye axolotli, anayeotesha upya mguu mzima, kazi ya wiki hadi miezi. Ini la binadamu nalo hukua tena. Lakini mkono wa mtu wa kilo 70 una kilo tatu na nusu hivi, na kilo hizo hazitoki hewani, zinaliwa. Na chembe zinazogawanyika kwa kasi ndizo zinazozaa saratani. Tembo, kwa ukubwa wao, wanajilinda kwa nakala 20 za jeni ya TP53 wakati sisi tuna moja kutoka kwa kila mzazi. Ukitaka mponaji, mwazime ulinzi wa tembo na umwandike akila kwa saa mbili mfululizo, amenyamaza, huku wenzake wakimtazama.

Basi uchague ipi?

Ukicheza na mtu mmoja unayemwamini, kwa muda mrefu, chagua jeni. Gharama zake ni za ndani: njaa, joto, mwili usiojua maumivu, mtu asiyeelea. Zinahitaji mwenza anayesoma kwa makini na kukumbuka ulichoandika mwezi uliopita.

Mkiwa wengi, hamjuani vizuri, na kuna mapambano ya mhusika kwa mhusika, nashauri mashine bila kusita. Upungufu wake unaonekana na kila mtu: betri ina asilimia, kiungo kina skrubu, redio ina mawimbi. Hakuna anayelazimika kuomba ruhusa yako ili akuguse. Mabishano mengi niliyoyaona yalikuwa juu ya nguvu ambazo mwenye mhusika pekee ndiye aliyejua mwisho wake.

Hadithi fupi, dawa. Kundi lenye wahusika wa kawaida, au mchezaji mgeni anayetaka kujifunza kwanza mwendo wa wengine, mazoezi.

Kuhusu kuchanganya njia, nasema nisivyopenda kusema: karibu kila mara anayechanganya anatafuta kufuta gharama. Mashine inaziba udhaifu wa jeni, dawa inaziba wa mashine, na mwisho tumerudi kwa yule aliyenyanyua gari kwa mkono mmoja. Kama ni lazima uchanganye, ongeza gharama, usiiondoe. Kiunzi cha chuma juu ya mwili usiosikia maumivu, kwa mfano, ni mchanganyiko wa kutisha na mzuri, kwa sababu mvaaji hatajua kinambana wapi.

Uongo mmoja unaruhusiwa. Sayansi ya leo haina kiunzi kinachoinua gari mchana kutwa wala jeni ya kuotesha vidole. Chagua uongo wako, mwambie mwenzako mapema kwa sentensi moja, kisha kila kitu kingine kifuate kanuni. Sentensi yangu kwa mhusika ninayemtumia sasa ni hii: "Kiunzi chake kina nguvu kuliko vilivyopo, betri yake ni ya kawaida."

Kwa hiyo zamu yangu kwenye tukio la gari ingekuwa hivi:

Alifika akihema, kiunzi kikilia magotini. Akaingiza vidole vya chuma chini ya mlango, akainuka. Gari likapanda shubiri moja, kisha mbili. Kwenye kifundo cha mkono taa ikageuka nyekundu: asilimia 9. "Nina dakika mbili," akasema bila kugeuza shingo. "Baada ya hapo mimi ni mtu kama wewe, na gari hili litakuwa juu yetu sote."